Jiwe la Kupepetea

Jumatatu, 4 Machi

Nimefika. Mimi, tumbo langu, begi la nguo na milingoti miwili ya chuma iliyofunguliwa vipande vipande, sote tumevushwa kwa mtumbwi mmoja, na mwenye mtumbwi alinitazama mimi kwa wasiwasi kuliko chuma. Nimezaliwa Bondeni, Kyela mjini, kwa wauza vitenge. Maji nayajua ya kwenye ndoo. Asubuhi mke wangu Tausi aliniaga kwa namna yake: "Yaani wanakulipa ukakae kusikiliza upepo? Si ungeusikiliza hapa hapa, ukiwa umelala kama kawaida yako?"

Kazi yenyewe ni hii. Mto Lwasi unashuka kutoka milimani na kuingia ziwani mbele kidogo ya Matema. Masika ukijaa, watu wa ng'ambo hii wanafungiwa. Zahanati, soko, barabara, vyote viko upande wa pili. Sasa wanataka kujengewa daraja la kuning'inia, la waenda kwa miguu, na kuna sehemu mbili za kuchagua. Ya juu, mto umebanwa na miamba; daraja litakuwa fupi na kila mtu anapataka hapo. Ya chini, korongo limefunguka, daraja litakuwa refu na lenye kazi zaidi. Mhandisi wetu Beatrice, aliyeko Mbeya, hataki kuchagua kabla ya kujua upepo unafanya nini humu korongoni, kuanzia masika hadi mwera, ule upepo wa kusini unaopanda na ziwa kuanzia Mei, utakapoanza kuuma. Kwa hiyo nitakaa.

Nimepewa chumba kwa Zebedayo, mwenyekiti wa kitongoji. Anaongea kama yuko jukwaani hata akiomba chumvi.

Jumamosi, 9 Machi

Siku mbaya. Niiandike yote ili kesho nisijidanganye kwamba haikuwa mbaya sana.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Zebedayo aliita watu, nikawaeleza kwamba nimekuja kupima kama upepo wa hapa unafaa kwa daraja. Wakapiga makofi. Tukapanda sehemu ya juu. Pale kwenye ukingo kuna jiwe moja bapa, pana kama sebule, linalotazama moja kwa moja kule daraja litakakopita. Ningependa kusimika mlingoti juu yake, ila jiwe halikubali vigingi vya kukazia waya, basi nikasogea nyuma kidogo, penye udongo, karibu na ukuta wa mwamba. Nilitoa amri nyingi na kuinua kidogo. Magoti yangu yana umri mkubwa kuliko mimi. Mlingoti ukasimama, na kile chombo chenye mikono mitatu cha kusikia upepo kikakaa kileleni kama ndege aliyesinzia. Mwingine mdogo tukausimika sehemu ya chini, pembeni ya migomba ya Mama Lusungu.

Mama Lusungu ni Naomi, dada yake Zebedayo, mjane, nyumba yake ni hiyo inayofuata. Ndiye anayenipikia. Ni mama wa maneno. Aliponiona tu alisema, "Huyu ndiye mpima upepo? Huyu upepo hauwezi kumwondoa, kweli wamechagua mtu." Nikampenda hapo hapo. Alipojua binti yangu anaitwa Naila, nikawa Baba Naila.

Basi mchana tumekaa kwake tunakula ndizi na usipa, dagaa wa ziwani, na mimi nimeshiba, nimefurahi, mdomo hauna breki. Nikauliza, "Na huyu Lusungu anayemwachia mama yake kazi ya kulisha wageni, yuko wapi?"

Naomi akaelekeza kwa kidevu. "Yuko migombani."

Nikapaza sauti, na ka-Kinyakyusa kangu ka dukani. "Lusungu! Ugonile! Njoo basi usalimie wageni!"

Zebedayo akaweka tonge chini. Hakuna aliyecheka. Naomi akanitazama, hakuwa na hasira hata kidogo, akasema, "Hawezi kuitika, Baba Naila. Lakini kasikia."

Baada ya chakula Zebedayo alinipeleka. Kaburi liko katikati ya migomba, lina vigae vya bluu, limefagiwa. Watu wa hapa huzika nyumbani, mtu wao abaki anasikia sauti za jikoni. Lusungu alikufa Aprili ya mwaka juzi. Uchungu wa uzazi ulimshika mto ukiwa umejaa. Walimlaza ukingoni wakingoja maji yapungue, na hayakupungua. Mtoto alikwenda naye. Maombi ya daraja yalianzia kwenye msiba ule ule.

"Na kuna jambo lingine ulijue," akasema Zebedayo, na kwa mara ya kwanza hakuwa jukwaani. "Daraja likiwa la chini, ile nanga ya zege, ya kushikilia kamba za chuma, itakaa hapa. Walishachimba kila mahali, kwingine kote ni mchanga. Hapa kwa dada ndipo penye ardhi ngumu."

"Hapa wapi?"

Akagusa vigae kwa ncha ya kiatu, kwa adabu. "Hapa. Kwa hiyo, bwana mpimaji, huo upepo wako wa juu ujiheshimu."

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani. Mvua tangu alfajiri. Mto una rangi ya chai ya maziwa.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua, na Zebedayo kaniuliza maswali mbele ya wageni wake ili waone ana mtaalamu nyumbani. Nikawaeleza hivi: upepo mkali si tatizo. Ukisukuma upande mmoja siku nzima, daraja linauzoea, kama mtu anavyomzoea mkwe mkali. Tatizo ni msukosuko. Upepo unaopiga kulia, halafu chini, halafu unapanda kutoka mtoni na kuinua daraja kwa tumbo, kama mlevi anayetafuta mlango. Huo ndio unaopindua. Mmoja akauliza, "Na wewe mlevi huyo umeshamwona hapa juu?" Nikasema bado, namba ziko sawa. Na kweli ziko sawa. Kila asubuhi nafungua kompyuta na kabla sijaangalia namba nagundua nimeshika tasbihi.

Ijumaa, 29 Machi

Naomi, ambaye ni Mlutheri wa kwaya, ndiye anayejua saa ya futari kuliko mimi. Leo kaleta uji na viazi akasimama mlangoni. "Baba Naila, mlingoti haufungi?"

"Unafunga. Umekula upepo kidogo sana leo."

"Basi wa kule juu ule sana. Wa chini kwangu usile kabisa."

Tukacheka. Alipoondoka sikuendelea kucheka.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Nimeshindwa kwenda nyumbani, mto umekataa. Naomi akapika wali na samaki mbasa mzima, akawaita majirani, nikavaa kanzu iliyonibana hadi nikawa napumua kwa zamu. Walipokwisha kula akaniuliza polepole, "Upepo unasemaje?"

"Mpaka leo, unasema juu."

Akainuka akaingia migombani. Nilimsikia anaongea huko, sauti ile ile anayoongelea na watu jikoni.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilikuwa nimeandika mahali fulani kwamba Zebedayo anaongea kama yuko jukwaani. Leo ningependa kupunguza neno hilo.

Mto ulipanda usiku ukaingia mashambani. Asubuhi kuna familia ilifika ukingoni na bibi yao anayetapika damu, wamembeba kwenye kiti. Hakuna mtumbwi uliothubutu. Zebedayo alisimama pale kwenye mvua tangu asubuhi, ameshika kamba, anatafuta pa kuirusha, anaambiwa haiwezekani, anasogea hatua kadhaa na kuirusha tena. Jioni maji yalipungua wakamvusha bibi, yu hai. Watu wakaondoka. Zebedayo hakuondoka. Nilimpelekea koti.

"Siku ile ya Lusungu," akasema, "nilikuwa nimesimama hapa hapa. Ndiyo maana napiga kelele sana kwenye vikao, Baba Naila. Siku ile sikuwa na sauti."

Naomi hakuja mtoni. Watu wanasema tangu mwaka juzi mto ukijaa hatoki nyumbani, na anafunga dirisha la upande huo.

Alhamisi, 2 Mei

Jua. Watu wameanza kuvuna mpunga. Nimekula sana.

Jumatano, 8 Mei

Mwera umefika. Ziwa limegeuka rangi na mawimbi yanapanda mchangani Matema mpaka yanasikika huku. Siku mbili sikulala kwa raha. Leo nimetuma namba, na mchana Beatrice akapiga.

"Mzee Ridhwani, juu panapita."

"Panapita kabisa?"

"Kwa namba hizi, vizuri tu. Tumalizie mwezi mmoja wa mwera halafu tufunge. Mbona unahema?"

Nilikuwa natembea, karibu nakimbia, jambo ambalo magoti yangu yatanishtaki nalo. Ningengoja mwezi uishe. Mtu mwenye akili angengoja. Nilimkuta Naomi anaanika mpunga nikamwambia, "Mama Lusungu, juu panaelekea kupita." Akashika mikono yangu miwili. Akanishukuru, "Ndaga, Baba Naila. Ndaga fijo." Halafu, akijifuta macho na pembe ya kitenge: "Na bado hujauona upepo wetu vizuri. Huo mlingoti wako umejificha nyuma kama mkwe. Ngoja tupepete, nitakuonyesha."

Jumamosi, 18 Mei

Amenionyesha.

Kumbe lile jiwe bapa la juu lina kazi. Wanawake wa hapa hupanda juu yake na mpunga kichwani kila mavuno, tangu enzi za bibi zao, kwa sababu chini migombani upepo ni mvivu na pale juu, kama wasemavyo, upepo hauna dharau na mtu. Leo walikuwa Naomi, jirani yake Prisca, na wengine wengi, na mimi nimepewa kigoda kama mgeni rasmi. Wameamua kunisaidia. Tangu siku ya kwanza walinisikia nikisema napima kama upepo unafaa. Na kwa watu waliokua wanapepeta, upepo unaofaa ni upi? Ni ule wenye nguvu. Walikuwa wamekaa miezi yote hii wakiogopa mlingoti wangu utauona upepo wao kuwa mdogo.

"Baba Naila, angalia!" Naomi akanyanyua ungo. "Uwaandikie hao wa Mbeya!"

Akarusha. Makapi yakaondoka, sawa, ndivyo yanavyofanya. Halafu upepo ukabadili nia. Ukarudi kutoka kwenye ukuta wa mwamba, ukashuka, ukazama mtoni, na kabla sijapepesa macho ukapanda na uso wa jiwe. Mpunga wenyewe, punje zenye uzito wake, ukanyanyuka juu ya vichwa vyetu, ukasimama pale hewani, ukazunguka, ukatawanyika kila upande. Wanawake wakapiga vigelegele. Mpunga ukatudondokea shingoni.

"Umeona?" Prisca akapiga kelele. "Unapanda wenyewe!"

"Rudia," nikasema. Sauti yangu niliisikia mbali.

Akarudia. Ukapanda tena, safari hii kitenge cha Prisca kikamfunika uso, wote wakafa kwa kicheko. Naomi alikuwa anacheka kuliko wote. Sijawahi kumwona anacheka vile. Alikuwa na punje kwenye nywele.

"Wa chini kule hauwezi hata kutoa makapi," akaniambia akihema. "Utaandika hivyo? Kwamba wa huku ndio wenyewe?"

Nikasema nitaandika.

Nyuma yetu, karibu na ukuta wa mwamba, kwenye kona nilikouweka mimi, chombo changu kilikuwa kimetulia. Kinapata upepo kidogo, ulionyooka, wenye adabu. Miezi yote hii kimekuwa kikisikiliza upepo wa kona. Na daraja halitapita konani. Litapita mbele ya jiwe.

Jumapili, 19 Mei

Sikwenda mlingotini. Nilisema tumbo.

Jumatatu, 20 Mei

Tumbo bado. Naomi kaleta uji wa mchele bila chumvi. Kasema ni kwa sababu ya ule mpunga nilioumeza kwa mshangao.

Jumanne, 21 Mei

Namba za konani ni nzuri. Beatrice ana furaha nazo. Wiki chache tu na tunafunga. Hakuna mtu mwingine aliyekaa kwenye kile kigoda akiwa anajua alichokiona. Nikinyamaza, Lusungu atabaki nyumbani kwa mama yake.

Na daraja litasimama. Madaraja huwa yanasimama muda mrefu tu kabla ya kutosimama.

Jumatano, 22 Mei

Leo nimekaa kwenye jiwe peke yangu. Nimewaona watoto wa shule wakivuka mto chini, viatu mkononi, maji magotini. Nikawaweka akilini juu ya daraja, siku ya mwera, mbele ya jiwe hili. Sikuweza kuwatoa.

Ijumaa, 24 Mei

Nimehamisha chombo. Nimekodi mashine ya kutobolea mwamba kutoka Matema, nimetoboa jiwe, nimefunga nguzo fupi palepale anaposimama Naomi na ungo. Zebedayo alinisaidia akifurahi. Anadhani ni heshima kwa jiwe lao. Akaita watu waje waone. Nilitamani jiwe lipasuke.

Jumatano, 29 Mei

Mwera, siku nzima. Mlevi amepata mlango.

Jumatatu, 3 Juni

Nimetuma namba zote, za konani na za jiweni, na maelezo kwamba kosa la mwanzo la kuweka mlingoti ni langu. Beatrice akapiga simu.

"Una uhakika chombo kiko sawa?"

"Nimekigeuza, nimekibadilisha na cha chini. Namba ni zile zile."

"Mzee, hili daraja lingepinduka."

"Najua."

"Ulijuaje kuhamisha?"

Nikamwambia. Akasema, "Mungu wangu," na sikujua anamwonea huruma nani. Halafu akasema anakuja mwenyewe. Nilikuwa namwona Beatrice ni mtu wa karatasi tu, yule anayekuandikia "pokea na tekeleza". Lakini alikuwa anaweza kutuma ujumbe, na kasema anakuja.

Jumamosi, 8 Juni

Kabla ya kwenda kwa Naomi, Beatrice alitumia asubuhi nzima na vijana na fimbo ya chuma, anatafuta pengine pa kuweka nanga. Alipiga magoti kwenye matope na suruali yake ya mjini. Mchanga. Akasogea. Mchanga. Akarudi pale penye vigae, fimbo ikagonga na kukataa kuingia. Akaiweka chini taratibu, akabaki amepiga magoti. Nikageuka nisimtazame.

Tulikaa ukumbini kwa Naomi: yeye, Zebedayo, Prisca, Beatrice na mimi. Beatrice alikataa kiti, akakaa mkekani. Akaeleza kwa maneno mepesi. Juu hapafai. Chini ndipo. Hakusema "mradi" hata mara moja.

Zebedayo akafungua mdomo, mwenyekiti mzima, akafunga.

Naomi alikuwa ananitazama mimi. "Baba Naila. Ulisema juu panapita."

"Nilisema, Mama Lusungu. Nilikosea."

"Mlingoti uliona nini?"

"Uliona upepo wa kupanda. Wa kuzunguka."

"Upepo wenye nguvu."

"Ndiyo."

"Na upepo wenye nguvu ndio mbaya?"

Nilikubali kwa kichwa. Nikaona kitu kinaanza kumwingia machoni, kinatafuta njia, na nikajua ni kitu gani. Akauliza polepole, "Ni ile siku ya kupepeta? Ni mimi niliyekuonyesha?"

Nikasema, haraka kuliko nilivyowahi kusema kitu, "Hapana. Ni mlingoti tu. Mlingoti ungeuona hata bila wewe."

Prisca akashusha pumzi. Beatrice akanitazama. Nilidhani nimemtua Naomi mzigo. Lakini uso wake ukawa mgumu, mbele yangu, kama udongo unavyokauka juani.

"Basi ni nyinyi," akasema. "Mto ulimchukua akiwa hai. Nyinyi na chuma chenu mnamchukua amekufa. Mmeninyang'anya." Akainuka. "Chukueni. Watoto wa watu wavuke. Lakini msiseme nimetoa. Sikutoa."

Jumanne, 11 Juni

Hakuna chakula kutoka kwa Naomi. Prisca ananiletea. Sina njaa, na mtu anayenijua akisoma hapa ataelewa hali ni mbaya kiasi gani.

Jumamosi, 15 Juni

Leo amehamishwa.

Mchungaji alikuja kutoka Matema, na bwana afya, na watu wa ukoo hadi kutoka Ngana. Wamechagua mahali nyuma ya nyumba, upande usiotazama mto. Zebedayo aliwazuia vijana, akavua shati, akang'oa vigae kimoja kimoja bila kuvunja hata kimoja, akachimba mwenyewe. Jeneza lilikuwa limelegea. Alishuka ndani. Alipanda na mpwa wake kwenye shuka jipya jeupe, mikononi, kama mtu anayembeba mtoto aliyelala njiani, na alipofika juu hakutaka kupokewa. Mchungaji alingoja. Wote tuliwangoja hao wawili.

Kaburi jipya lilipofukiwa Zebedayo akanipa sepetu. "Na wewe ni wa hapa," akasema. Nikatupa udongo. Sikumbuki magoti kuniuma.

Hapa msiba una sauti. Wanawake hulia kwa nguvu, kwa kumtaja marehemu, na mama ndiye huanza. Wote walikuwa wanamngoja Naomi. Hakuanza. Prisca, kwa kushindwa kuvumilia, akatoa sauti ya kwanza, na wengine wakaichukua. Naomi akainua mkono.

"Nyamazeni. Hiki si kifo, kifo tulishalia. Huu ni wizi. Wizi hauliliwi."

Wakanyamaza. Ule unyamavu ndio niliorudi nao chumbani. Watu wa ukoo waliondoka mapema, wananong'ona kwamba mama ambaye hajalia atavunjika.

Jumatatu, 17 Juni

Idi Kubwa. Nyumbani Bondeni. Nimemweleza Tausi yote, tukiwa tunagawa nyama. Nilitegemea anisifu kwa ule uongo wa huruma. Akaendelea kukata.

"Kwa hiyo mama wa watu katoa kitu," akasema, "na wewe umekificha."

"Nimemkinga, Tausi. Angejilaumu."

"Sasa hivi anafanya nini, anafurahi?" Akafuta kisu. "Nirudishie hiyo bakuli. Na kesho kutwa rudi kule kwa watu."

Jumamosi, 22 Juni

Nilirudi kufungua milingoti. Nimeandika haya Matema, nikiwa nangoja gari.

Naomi alikuwa anachambua mchele kizingitini. Akaitikia salamu vizuri, kama unavyomwitikia mtu wa sensa. "Karibu, bwana mpimaji." Nikakaa chini kabla hajanikaribisha kukaa, maana nisingeweza kusema nikiwa nimesimama.

"Mama Lusungu, siku ile nilikuongopea."

Mikono yake ikaendelea na mchele.

"Mlingoti haukuona kitu. Niliuweka mahali pabaya, konani. Ulikuwa unasema juu panafaa, mpaka siku uliyonipandisha kwenye jiwe. Usingenionyesha, tungejenga kule. Lusungu angekuwa bado yuko pale alipokuwa."

Mikono ikasimama. "Na daraja?"

"Lingepinduka. Si mwaka huu, labda. Siku moja ya mwera, na watu juu yake."

Kuku akaingia kwenye ungo akala mchele na hakuna aliyemfukuza.

"Ningenyamaza mimi," akasema, "kaburi lingebaki."

"Lingebaki."

"Na watu wangeanguka."

"Wangeanguka."

"Rudia."

Nikarudia yote, tangu konani. Akainuka akaita, "Zebedayo! Kaka, njoo! Prisca, njoo na wewe!" Wakaja wakikimbia, wanadhani kuna nyoka. "Rudia, hawa wasikie."

Nikarudia kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kama kumpiga. Ya tatu ilikuwa kama kusoma jina la mtu mbele ya watu wake. Zebedayo alikuwa ananitazama midomo. Prisca ameshika kichwa.

"Mmesikia?" Naomi akasema. "Hawakuninyang'anya. Mimi ndiye niliyeonyesha. Sikujua, lakini ni mimi. Nimemtoa mimi mwanangu, watu wavuke."

"Ni wewe, dada," akasema Zebedayo.

"Nimemtoa mimi," akasema tena, na neno la mwisho halikufika mwisho. Akakaa pale pale kwenye udongo, miguu imenyooka mbele, akafungua mdomo, akaanza. Akamwita Lusungu kwa jina, akamwita kwa majina ya utotoni ambayo sikuyajua, akamwita na mtoto ambaye hakupewa jina. Prisca akaketi karibu yake akaipokea sauti. Kisha nyumba ya tatu, kisha ya nne, wanawake wakaja wakifunga vitenge njiani.

Zebedayo akanishika bega, akaniongoza hadi njia ya mtoni, akarudi. Sikuaga. Hakukuwa na mtu aliyebaki na nafasi ya kuagwa.

Mto umepungua, unavukika kwa mtumbwi bila shida. Katikati ya maji bado tulikuwa tunawasikia. Mwenye mtumbwi akaniuliza, "Kuna msiba kule?"

Nikamwambia, "Upo."

Akaacha kasia kidogo, akavua kofia.